Kiti cha Mfariji

Alhamisi ile Mzee Pole aligusa kiti kilichokuwa kando ya kitanda cha kumi na moja akakikuta kina joto, kama vile mtu ndiyo kwanza ameinuka. Hakushangaa. Kushangaa ni kwa watu wanaotega masikio, na yeye, ingawa alivaa beji ya mfariji wa kujitolea, masikio yake yalikuwa ya kuegemezea miwani tu.

Manesi ndio waliompachika jina hilo. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alipita wodini, "pole mama, pole kaka, pole dada," na tayari keshafika mlangoni. Wafariji walifundishwa jambo moja kubwa: vuta kiti, keti, nyamaza, sikiliza. Mzee Pole hakuketi hata siku moja. Kuketi kungemkunjia suruali. Lakini kwenye fomu, mbele ya kila kitanda, aliandika kwa mwandiko wa mikogo: *Nimeketi naye dakika ishirini.* Kesho ya Alhamisi ile angechaguliwa mkuu wa wafariji, maana fomu zake zilikuwa nene kuliko za wote. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Pole, bibi," alimwambia ajuza wa kitanda kile.

Ajuza akamshika mkono. "Mwanangu, leo nisikilize," akanong'ona. "Mimi ni kiti. Nimepandwa na jini tangu usichana wangu, na sasa kiti kinavunjika, anatafuta kingine. Alhamisi mbili umeniambia nikupe mzigo wangu uubebe. Nakusihi, usiseme mara ya tatu. Keti hapo tu mpaka binti yangu afike saa kumi anisaidie kumtoa. Kiti hicho kikikaliwa na mtu, jini hana pa kungojea."

"Naam, naam," alisema Mzee Pole huku akisoma simu. Kisha akaishusha na kuitengeneza ile sauti yake nzito. "Ndiyo maana nimekuja, bibi. Nipe mzigo wako, niubebe mimi."

Ajuza akafumba macho. "Basi," akasema.

Kiti kikalia taratibu, kama kinavyolia mtu mzito anapoinuka, na hapo Mzee Pole, kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kujitolea, alisikiliza: alisikia unyayo mmoja ukitua sakafuni, kisha wa pili, akasikia harufu ya moto uliomwagiwa maji ikimkaribia usoni, akasikia pumzi isiyo yake ikimpanda mgongoni pingili baada ya pingili, ikafika kisogoni, ikajikunja humo kama paka aliyepata godoro, na alipofungua kinywa amwite nesi, ile sauti aliyojivunia ikasema yenyewe, kwa upole, "Pole sana, bibi. Pumzika sasa."

Mwili wake ukavuta kiti, ukaketi dakika ishirini kamili. Fomu ya siku ile ilikuwa ya kwanza kusema kweli.

Kesho yake akachaguliwa. Manesi walikiri kwamba mzee kabadilika: anaketi, ananyamaza, anasikiliza mpaka wagonjwa wanalia. Haki isemwe, jini alikuwa mfariji bora kuliko yeye. Kasoro ilikuwa ndogo tu. Kila aliyeshikwa mkono na mkuu mpya aliomba blanketi la pili.

Ndani kabisa, nyuma ya tabasamu lile, Mzee Pole alikuwa akipiga kelele usiku na mchana.

Alhamisi iliyofuata ajuza aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, binti yake nyuma na mkoba. Alipofika kwenye kitanda ambacho mkuu wa wafariji alikuwa ameketi kando yake, akasimama, akainamisha sikio karibu na kifua cha yule bwana.

"Bibi," ilikuja sauti nyembamba, kutoka mbali. "Niko humu. Wewe unamjua huyu, unajua anavyotolewa. Keti unisikilize, dakika ishirini tu."

Ajuza alisikia kila neno. Akakitazama kiti kitupu kilichokuwa pale karibu, akazikumbuka zile Alhamisi tatu.

"Mama, anasema nini?" binti akauliza kwa sauti ya chini.

"Hana jipya," alijibu. Akampigapiga Mzee Pole begani. "Pole, baba," akasema, na tayari keshafika mlangoni.