Jalada la Nyuma

Mimi hapa Ohio, Marekani, hakuna kaunti ambayo sijalala, na sijaona mwanamume asiyejua kuogopa kama rafiki yangu Verlin. Lakini Halowini iliyopita, usiku ule watu wanapojivika sura za ajabu na watoto kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, ilimweza.

Kila mwaka yeye na mkewe Nadine walikata maboksi wakajivika kama albamu ya muziki wa pop waliyoipenda tangu uchumba. Verlin alivaa kifuani jalada la mbele, Nadine kifuani jalada la nyuma lenye majina ya nyimbo. Wakisimama mgongo kwa mgongo, albamu imetimia, mtaa mzima hoi kwa kicheko. Mwaka huo Nadine alikuwa kaburini. Verlin akachora jalada lake peke yake, akawasha taa ya barazani ili watoto wajue hapa peremende zipo. Alitaka tu nyumba isikie sauti ya mtu.

Jirani yake Rusty akapita. "We mzee, mbona nusu albamu? Nyimbo ziko wapi?" Halafu akakumbuka, akavua kofia. "Nisamehe, ndugu yangu."

Hakuna mtoto aliyepanda ngazi. Giza likashuka, taa ikazimika yenyewe. Verlin akasikia boksi likijikwaruza ukutani, kwaruu, kwaruu, likimjia kwa nyuma kutoka ndani ya nyumba. Likamgusa mgongoni taratibu, likatulia pale kama mtu aliyechoka anavyoegemea.

"Nadine?"

Akageuka upesi.

Taa ikawaka. Hakuna mtu. Akahisi unyevu mgongoni, akavua shati. Mgongoni mwa shati kulikuwa na majina ya nyimbo kwa rangi mbichi, yamegeuka kama kwenye kioo, kana kwamba jalada la Nadine limegandamizwa pale, na chini kabisa wimbo mmoja ambao albamu ile haina.