Saini ya Kutoka

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulitoka juu, chuma kikigonga chuma, na ndani ya lifti iliyozimika watu wanne wakaacha kulumbana. Kisha sauti ya mwanamume ikashuka kupitia ufa wa mlango, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai.

"Mliomo ndani, mimi ni fundi. Msisukume mlango, msisogee. Nikigonga, mmoja wenu anijibu, nijue mko wazima."

Aliyejibu alikuwa mshonaji wa ghorofa ya tano. Alipapasa mkobani, akatoa mkasi, akagonga ukuta mara tatu.

"Tuko wazima," akasema. "Ila kuna bwana anasubiri suruali yake huko juu, na suruali ninayo mimi."

Mlango ulipopanuliwa, jengo zima la maduka lilikuwa limejazana ngazini kutazama. Fundi aliona gauni la manjano lenye mifuko minne na utepe wa kupimia uliolala shingoni kama mkufu. Mshonaji aliona ovaroli ya bluu, grisi shavuni, na kufuli jekundu lililoning'inia kiunoni. Akamuuliza kama hapo kiunoni ndipo anapofungia moyo wake.

Fundi akaeleza kwa majivuno ya mtu anayeipenda kazi yake. Kabla ya kuingia kwenye shimo la lifti, kila fundi huifunga swichi kuu ya umeme kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Mafundi wakiwa watatu, makufuli matatu.

"Kufuli la mwenzako hulifungui hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja," alisema. "Ukilifungua, umeme unarudi, na yeye bado yumo ndani."

Wiki ile lifti ya jengo lile ilikaguliwa mara tatu bila kuharibika hata mara moja. Ulimi wa mshonaji ulikuwa mkali, kwa hiyo fundi akambandika jina la Sindano, na Ijumaa akamtumia ujumbe: *Sindano imenichoma, uzi umebaki ndani.* Jibu lilikuja upesi: *Nenda hospitali.* Hospitali hakwenda. Alipanda ghorofa ya tano.

Miezi minane walikuwa chanda na pete. Kwenye dirisha la chumba cha kushonea, kati ya cherehani nne na wanafunzi wawili waliokuwa wakichekana kila fundi alipoingia, ulionekana mlima. Waliutazama kila jioni, wakaapa kila jioni kwamba wataupanda. Jumamosi moja fundi alipiga simu adhuhuri akamwambia avae viatu vya kutembelea. Sauti yake ilikuwa na kitu, na Sindano alikisikia, lakini hakuuliza.

Njia ya mlimani ilikuwa fupi, mwendo wa saa moja hadi kilele kidogo kilichotazama maporomoko. Bomba la chuma lilipigwa kando ya ngazi za mawe tangu chini hadi juu ili watu washike. Langoni alikaa mzee mlinzi mwenye koti refu na daftari kubwa: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini.

"Kila mtu asaini mwenyewe, wajukuu zangu," aliwaambia. "Mimi sina macho ya kuona juu. Nina daftari. Saini za kutoka zikitimia, nafunga lango nakwenda kwangu."

Walipanda wakitaniana. Sindano alivaa koti la kijani alilolishona usiku wa Alhamisi, akawa anasimama kila mara kuvuta pumzi huku akisema anaangalia maua. Chini kabisa paa za mji zilimetameta. Simu zilikuwa zimekufa njia nzima, na walipofika kileleni, mtandao ukarudi, simu ya fundi ikaita. Yeye alikuwa amepiga goti akifunga kamba ya kiatu, au akijifanya anaifunga. Sindano akapokea, kama walivyozoea kupokeleana.

Karani wa kike akauliza kama anaongea na mke. Sindano akamkonyeza fundi, akajibu kwa madaha kwamba ndiye. Basi karani akasema kuwa nyumba ya vyumba viwili imekwisha tengwa, tiketi ni mbili, safari ni mwezi ujao, mkataba ni miaka mitatu. Akataka kuhakikisha jambo moja tu: kwenye fomu, mahali pa kazi ya mke, mume ameandika *hana*. Ni sahihi?

Sindano alikata simu. Upepo ukalipeperusha koti lake, naye hakulishika.

"Umenioa lini?" aliuliza.

Fundi alisimama. Uso ulimwiva. "Nilikuwa nikuambie hapahapa. Ndiyo maana nimekuleta."

"Uniambie, au uniulize?"

"Mpenzi, ile ni kampuni kubwa, lifti za majengo ya ghorofa arobaini. Wakijua mke ana kazi yake, nyumba hawatoi. Nilijaza tu."

"Cherehani nne," Sindano alisema polepole, akihesabu kwa vidole. "Wanafunzi wawili. Mlango wenye jina langu. Umejaza *hana*."

Alijitetea. Alisema mwanamke mwingine angefurahi, na alipokwisha kulisema neno hilo akajua ni baya, lakini kiburi kilikuwa kimeshika usukani. Sindano akamjibu kwamba huyo mwanamke mwingine basi apewe tiketi. Fundi akasema haya, kaa na cherehani zako. Akashuka bila kugeuka, kwa mwendo wa mtu anayetaka aitwe.

Hakuitwa. Sindano alikaa juu ya jiwe, amlilie mahali asipomwona.

Langoni mzee alikuwa amesimama na funguo mkononi. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka, na katika daftari lake zilibaki nafasi mbili tu tupu. Akauliza mwenzake yuko wapi. Fundi, akiona haya kusema wamegombana, alijibu kwamba yuko nyuma yake, ngazi za mwisho. Mzee alitazama ngazi, akatazama mvua iliyokuwa ikija. Fundi akachukua kalamu, akajisainia. Kisha akasaini na nafasi ya pili.

"Sisi ni kitu kimoja, babu," alisema.

Akaenda kituo cha basi ng'ambo ya barabara, akakaa akiupa mgongo mlima. Atakuja mwenyewe, aliwaza. Akija nitanyamaza. Zikapita dakika kumi, akapanga maneno. Zikapita ishirini, akayapangua. Basi likaja, likaondoka. Alipogeuka, mlima haukuwapo. Wingu lilikuwa limeumeza hadi kwenye uzio, na kwenye lango lilining'inia kufuli.

Alilitazama kufuli lile kama mtu aliyeliona jeneza likipita na jina lake juu yake. Mkono ukamwenda kiunoni, kwenye kufuli lake jekundu.

Simu ya Sindano haikupatikana. Namba ya mzee ilikuwa imeandikwa kwa rangi kwenye nguzo. Mzee alipokea akitafuna.

"Daftari langu limetimia," alisema. "Wote mmetoka."

"Babu, saini ile ya pili ni yangu. Yeye hakutoka."

Kutafuna kukakoma. "Umefunga lango," mzee alisema taratibu, "na mtu yumo ndani."

Akamwambia asiliachie bomba, na kwamba kwenye kona ya maporomoko asimame kabisa, maana nje ya ngazi pale hakuna ardhi. Yeye anakuja na kamba. Fundi alikuwa tayari juu ya uzio.

Na Sindano? Alishuka machozi yalipokauka. Wingu likamkuta njiani, jiwe likateleza chini ya kiatu, akapita chini ya bomba akaserereka kwenye majani mpaka mkono wake ukanasa mguu wa nguzo moja ya bomba. Kifundo kiliwaka moto. Aliita mpaka sauti ikakauka. Maporomoko yalinguruma pande zote, na hakuona hata kidole chake mwenyewe. Baridi ikamwingia, akaanza kujiambia kwamba ngazi ziko kushoto, hatua mbili tu, atambae. Mkono mmoja ulikuwa umekwisha iachia nguzo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ulipita ndani ya chuma, ukamfika kwenye vidole vya mkono wa pili kabla haujafika masikioni. Msisogee. Nikigonga, mmoja wenu anijibu.

Aliishika nguzo kwa mikono miwili. Kisha, mkono mmoja ukiwa bado kwenye nguzo, akatafuta mkobani kwa meno na kwa kiganja cha pili, akaupata mkasi. Akagonga mara tatu.

Kule chini fundi, kufuli mkononi, akaweka sikio kwenye bomba. Jibu lilikuwa dogo, kama la sindano juu ya kigae. Akapanda ngazi kumi, akagonga. Likajibu. Kumi nyingine. Mara moja halikujibu, naye akasimama roho ikiwa mkononi, akagonga tena mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Likajibu, kwa uchovu.

"Uko wapi?" aliita alipofika konani.

"Chini ya miguu yako, usinikanyage."

Fundi alilala kifudifudi, akashusha mkono katika weupe ule mpaka akagusa nywele zilizolowa. Walibaki hivyo, fundi akimshika kwapani, Sindano akiikumbatia nguzo, mpaka mzee alipotokea akihema na kamba begani. Upande wa kushoto, hatua mbili, jiwe lililoteleza chini ya kiatu cha mzee lilianguka, na hakuna aliyelisikia likifika.

Njia ya kushuka fundi alimbeba mgongoni.  Sindano, kidevu begani kwake, akamuuliza mbona hakuwaita watu wamtafute mapema. Angeweza kuisingizia mvua. Akamweleza yote, kalamu, nafasi ya pili, maneno aliyomwambia mzee. Alihisi mwili wa Sindano ukikakamaa mgongoni, akaendelea kushuka, na akamaliza kueleza.

"Mara mbili," Sindano alisema. "Kwa siku moja."

"Mara mbili."

Langoni mzee alifungua daftari juu ya meza bila kumwangalia fundi. Akaipiga mstari saini ya uongo, akaandika chini yake nafasi mpya, akasogeza kalamu kwa Sindano. Sindano aliandika herufi kwa herufi, na saa: kumi na mbili kasorobo. Alipomaliza hakuirudisha kalamu.

"Na kule?" aliuliza. "Lifti zako za ghorofa arobaini?"

"Jumatatu naifuta fomu. Kazi wakinyima, wanyime."

"Sikukwambia uache kazi. Unaanza tena kuniamulia."

 Mzee akakohoa, akajifanya anatafuta funguo.

"Basi sijui," fundi alisema hatimaye, na neno hilo lilikuwa gumu kwake kuliko ngazi zote. "Nikuulize kesho, mbele ya cherehani zako, ukisema hapana iwe hapana?"

"Uliza. Jibu sikuahidi."

"Mimi naahidi." Alipiga goti pale sakafuni, kamba za viatu zikiwa zimefungwa barabara, akamtazama usoni. "Babu ni shahidi, na daftari lake. Popote tutakapoingia wawili, sitatoka nikakuacha ndani. Na jina lako, Sindano, mkono wangu hautaliandika tena. Nitakushikia karatasi, nitakupa kalamu, nitangoja."