Mwiko Uliosimama Ndani ya Uji

Kila asubuhi, kabla jua halijachoma mabati ya mtaa wa Nyasho, Helena alimpikia mtoto wake uji. Aliupika mwepesi, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Kisha alikaa chini, akanyoosha miguu na kumlaza Gati mapajani. Alikunja kiganja cha kushoto, akakiegemeza kwenye mdomo wa mtoto, akamimina uji humo kutoka kwenye kibuyu. Uji uliteleza na mtoto akameza. Kwao Butiama watoto wote walinyweshwa hivyo. Hata Werema, mume wake, alinyweshwa hivyo, na leo ni fundi wa boti mwenye mabega mapana.

Lakini Gati hakuwa na mabega. Alikuwa na miezi kumi na mikono myembamba. Alikunywa mpaka tumbo likajaa, na baada ya muda mfupi akalia njaa tena. Watoto wa rika lake walikuwa wanajifunza kusimama kwa kushika ukuta. Yeye alikaa tu, akawatazama.

Siku moja mama mkwe alikuja kutoka Butiama kwa lori la mizigo. Alimshika mjukuu wake mkono, akaupima kwa vidole viwili, akauachia.

"Mkamwana, huyu mtoto unamlishaga nini?"

"Uji, mama. Kama ulivyonifundisha."

"Usinisingizie. Sikukufundisha kupika maji. Mimi nimelea watoto sita kwa kiganja hiki, na wote wazima. Mwezi ujao nitarudi. Nikimkuta hivihivi, namchukua. Butiama kuna maziwa. Hapa mjini mnakunywa upepo."

"Bado ananyonya, mama."

"Ananyonya nini, na wewe mwenyewe umekauka?"

Werema alikuwepo. Alisikia kila neno. Aliinama akaanza kunoa randa yake, kana kwamba randa ndiyo iliyokuwa inanyang'anywa mtoto. Helena alisubiri mume wake aseme jambo moja tu. Hakusema.

Kesho yake Helena alimbeba Gati mgongoni, akaenda kliniki. Mkunga wa pale alikuwa mgeni. Aliitwa Siwema, msichana wa Kiislamu kutoka Bunda, mwenye gauni jeupe lililopigwa pasi. Alimweka mtoto kwenye mizani, akatikisa kichwa.

"Mama, mtoto huyu hapati chakula cha kutosha. Mpe uji mzito."

Basi, ni hayo tu. Foleni ilikuwa ndefu, akaitwa mwingine.

Helena alirudi nyumbani akapika uji mzito. Alikunja kiganja, akamimina. Uji haukumiminika. Ulianguka kwa bonge na kukaa kiganjani. Aliusukuma kwa kidole. Gati alipaliwa, akakohoa, macho yakamtoka, kisha akatapika vyote kwenye kanga ya mama yake. Majirani walisikia kilio, wakachungulia.

"Mama Gati anataka kumkaba mtoto," alisema mmoja, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Hayo ndiyo yaliyompata Helena. Akipika mwepesi, anamnyima mtoto. Akipika mzito, anamkaba mtoto. Kila mtu alijua kwamba Helena amekosea, na kila mtu alikuwa na mdomo wa kumwambia. Mwiko hakuna aliyeushika.

Akarudi kwenye uji mwepesi, maana angalau ulipita.

Baada ya wiki moja, siku ya kliniki ilipofika tena, uzito wa Gati ulikuwa haujaongezeka. Siwema alikunja uso.

"Mama Gati, sikukwambia umpe uji mzito?"

Hapo Helena akachoka. Hasira aliyoimeza kwa wiki nyingi ilipanda yote kwa pamoja.

"Uliniambia, nesi. Na mama mkwe ananiambia. Na majirani wananiambia. Kusema hakuchomi vidole. Huo uji mzito unapitaga wapi? Kama unajua, njoo nyumbani kwangu umlishe wewe, nikuone."

Akina mama kwenye foleni waligeuka kutazama. Siwema angeweza kumfukuza, na wapo ambao wangemfukuza. Uso wake ulibadilika, akamtazama mtoto, akamtazama mama.

"Jioni nikimaliza kazi nitakuja," alisema.

Alikuja kweli. Alivua viatu, akakaa chini, akamlaza Gati mapajani. Helena alimpa uji mzito kama ule alioamriwa kuupika. Siwema aliumimina kiganjani. Uji ulikaa pale pale. Alijaribu kijiko. Gati alifunga mdomo, kisha akapaliwa na kulia. Gauni jeupe likapata uji.

"Hautelezi," Siwema alisema polepole.

"Ndivyo nilivyokwambia."

"Ni kweli uliniambia. Nisamehe, mama Gati. Nilikupa amri, sikukupa njia."

Neno hilo lilimpoza Helena kidogo. Alileta vigoda, wakakaa wote wawili mbele ya mafiga.

Siwema alichukua mfuniko wa sufuria, akauinamisha. Juu yake alidondosha tone la maji. Likakimbia mpaka chini. Akadondosha asali. Ikashuka taratibu. Akaweka tone la uji mzito. Lilisogea kidogo, likasimama.

"Unaona? Kila kimiminika kina ukaidi wake wa kutiririka. Maji hayana ukaidi mkubwa. Asali inao. Uji huu unao zaidi. Shuleni tuliambiwa huo ukaidi unaitwa mnato. Koo la mtoto ni jembamba na hana nguvu ya kusukuma. Kitu chenye mnato mkubwa kinamshinda."

"Kwa hiyo mama mkwe ana haki. Mwepesi ndio unaopita."

"Unapita, lakini tazama."

Siwema alichukua konzi moja ya unga. "Konzi hii ukiipika kwa maji kidogo, unapata kikombe kimoja kizito. Ukiipika mpaka iwe nyepesi ya kupita kiganjani, unapata vikombe vinne. Gati anamaliza vingapi?"

"Kimoja. Akizidi anatapika."

"Basi anapata robo ya konzi. Vikombe vitatu vinabaki, na chakula chake kimebaki humo. Tumbo limejaa maji."

Helena alitazama kibuyu chake. Kwa miezi yote ile alikuwa anajaza tumbo la mwanawe maji, na mkono wake mwenyewe ndio uliomimina. Machozi yalimtoka, lakini hasira ilizidi machozi.

"Sasa nifanye nini? Nikiupasha moto?"

"Moto unapunguza mnato, kweli. Lakini uji wa moto utamuunguza mdomo, na ukipoa unashupaa tena." Siwema alikuna uji uliokuwa umekauka kwenye gauni. Kisha akainua kichwa. "Subiri. Mama yangu anauzaga togwa gulioni Bunda. Anapika uji mzito sana, halafu anatia kimea. Uji unalegea wenyewe. Haongezi maji."

Helena alishusha sauti. "Baba Gati ni mzee wa kanisa. Kimea hakiingii humu. Ni cha pombe."

"Mama Gati, mimi Mwislamu. Pombe haijawahi kulala nyumbani kwetu. Pombe inataka kuachwa siku kadhaa ichachuke. Kimea chenyewe ni ulezi ulioota, basi. Unga ukipikwa unakunywa maji na kuvimba, chembe zake zinashikana. Ndiyo maana uji unakuwa mzito. Kimea kinazikata zile chembe, zinaachia maji. Chakula ni kilekile, ila sasa kinapita."

Kesho yake Siwema alileta ulezi. Helena aliuosha, akauloweka usiku kucha, akamwaga maji na kuufunga ndani ya kitambaa safi chenye unyevu. Ulipoota vimizizi vyeupe, aliuanika juani kwenye mkeka. Ukikauka angeufikicha vimizizi vitoke, apepete, asage.

Haukukauka vizuri kabla Werema hajarudi kutoka ufukweni, mikono yake myeusi kwa lami. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Hiki ni nini?"

"Ni kimea, baba Gati."

"Pombe? Nyumbani kwangu? Askari wakija kusaka pombe nitawaambia nini? Na wazee wenzangu kanisani?" Aliinama, akashika ncha ya mkeka awamwagie kuku.

Helena alishika ncha ya pili.

"Mama yako aliposema atanichukulia mtoto, ulikuwa bubu. Leo umepata sauti kwa ajili ya ulezi?"

Werema hakutegemea jibu hilo. Mkeka ulibaki katikati yao.

"Hebu niambie," Helena aliendelea. "Lami ikiganda, unaitiaje kwenye nyufa za boti?"

"Naichemsha."

"Huiongezi maji ili itiririke?"

"Ukiiongeza maji si lami tena. Boti itavuja."

"Na mwanao anavuja. Tunamtilia maji kila siku, wewe na mimi na mama yako, halafu tunashangaa hashiki nyama. Lami unailegeza kwa moto. Uji nitaulegeza kwa hiki. Ukinusa pombe kwenye chakula cha mtoto, mwaga."

Werema aliachia mkeka. Hakuomba radhi, maana wanaume wa aina yake hawaoni kwa nini. Lakini jioni ya kupika alikuja mwenyewe akachuchumaa jikoni.

Helena alipika uji mzito. Aliuepua, akauacha upoe kidogo, kwa sababu Siwema alimwonya kwamba uji unaotokota unaua nguvu ya kimea. Akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea, akakoroga, akasubiri. Uji ulianza kulegea. Alipoinua mwiko, ulichuruzika kama mafuta. Akaurudisha motoni ukachemka tena, ili uwe salama kwa mtoto. Werema alinusa, akaonja.

"Ni mtamu," alisema. "Hauna pombe." Kisha akanyoosha mkono wake mweusi, akaurudisha, akaenda kunawa. Alimpakata Gati yeye mwenyewe siku hiyo.

Gati alikunywa kikombe kizima. Kesho yake vilevile. Helena alipika kiasi cha kutosha mara moja, akampa ungali mpya, wala hakulaza uji wa kimea mpaka asubuhi. Na maziwa yake aliendelea kumnyonyesha. Siku zilivyokwenda, vilio vya njaa vilipungua, na kwenye mizani ya kliniki mshale ulisogea. Siwema aliutazama, akautazama tena.

Mwezi ukaisha. Mama mkwe akashuka kwenye lori, kanga mpya mkononi, ya kumbebea mtoto. Hakuketi hata kidogo. Alienda moja kwa moja jikoni, akaona kibuyu, akakitikisa.

"Mwepesi," alisema kwa uchungu. "Bado mwepesi. Nilijua. Leteni nguo za mtoto."

Safari hii Werema alifungua mdomo. "Mama, kaa kwanza."

"Nikae kwa nini?"

"Pika wewe, mama," Helena alisema. "Pika uji mzito unaoutaka. Mimi sigusi."

Mama mkwe alikubali kwa hasira. Aliteka maji, akatia unga, akasonga, akaongeza tena unga. Alipomaliza aliuchomeka mwiko katikati ya sufuria. Ulisimama wima peke yake.

"Huo ndio uji," alisema.

"Mnyweshe basi."

Mama mkwe alitazama kiganja chake. Alitazama sufuria. Alijua. "Huu hauwezi kupita kwenye kiganja," alikiri.

Helena alisubiri upoe kidogo. Akatia kijiko cha kimea, akakoroga mbele ya macho yake, kisha akauchomeka mwiko palepale katikati. Ulisimama. Wote watatu waliutazama. Ukaanza kuinama polepole, kama mtu anayesinzia, ukalala kwenye ukingo wa sufuria.

"Umetia maji," alisema mama mkwe.

"Umeniona nikitia maji?"

Hakuwa amemwona. Alichota uji, akaumimina kiganjani. Uliteleza. Unga wote aliotia kwa mkono wake ulikuwa humo, na ulikuwa unatiririka. Helena aliuchemsha tena, ukapoa, kisha akamweka Gati kwenye mapaja ya bibi yake. Ndipo bibi alipouhisi uzito wa mtoto. Mapaja yake madogo yalikuwa na nyama. Gati alikunywa, akashika kidole cha bibi, akataka tena.

"Umetia nini?"

"Kimea cha ulezi, mama."

Mama mkwe alikaza uso. Helena alidhani amekasirika kwa sababu ya pombe. Alikuwa amekasirika kweli, lakini si kwa hilo.

"Nilizaa wanane," alisema. "Nikalea sita. Wale wawili niliwanyweshaga kwa kiganja hiki, wakawa wembamba hivyohivyo, wakaisha. Wakasema nimerogwa. Na kimea kilikuwepo. Kila nyumba ya Butiama ilikuwa na kimea, mtungi umejaa, tumewawekea wanaume wanywe. Kilikuwa pale, hatua moja kutoka mtoto alipolala. Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Werema aliinamisha kichwa, maana wale wawili walikuwa ndugu zake.

Kesho yake, kabla ya lori, mama mkwe alitandaza ile kanga mpya sakafuni.

"Weka humo," alimwambia Helena.

Helena alimimina kimea chote alichokuwa nacho. Mama mkwe alikifunga mafundo mawili, akakibeba mgongoni, mahali alipokuwa amepanga kumbeba Gati. Gati mwenyewe alikuwa mlangoni, ameshika ukuta, amesimama.