Rangi Juu ya Chaki

Kila asubuhi isiyo ya shule, Cheche alianza na ufagio. Alifagia karakana ya mama yake kutoka kwenye mashine ya kuchomelea hadi mlangoni, akikusanya misumari iliyopinda, vipande vya waya na yale maganda meusi yanayobaki juu ya chuma kilichochomelewa. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini kwa kuwa alijifunzia kutambaa kati ya vyuma, mtaa mzima ulimwita Cheche, na mwenyewe aliitika.

Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Kazi yake hasa ilikuwa kuyapa matrekta madogo viungo ambavyo kiwandani hayakupewa. Mkulima akija na kusema, "Fundi, nataka trekta langu lichimbe mashimo," Mama alilizunguka trekta polepole kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akasema, "Litachimba." Springi za gari bovu alizipasha moto akazigeuza meno ya kuchimbulia udongo mgumu. Mabomba mazito yalikuwa mikono ya kunyanyulia magunia. Majirani walimtania kwamba akiachiwa kitanda cha mtu, kesho kitaamka na jembe.

Wiki hiyo alikuwa akitengeneza koleo la Baba. Baba aliendesha trekta dogo mbali sana na nyumbani, kwenye mradi wa kuchimba mfereji wa maji ya mashamba. Trekta hilo lilikuwa na jembe nyuma, lakini mikono yake ya chuma ya mbele haikubeba kitu, na mawe yote Baba na wenzake waliyanyanyua wenyewe. Baba akamwambia msimamizi wake kwamba mkewe angeweza kutengeneza koleo kubwa la chuma la kufungwa mbele. Msimamizi alikubali. Koleo likikamilika, Baba angeruhusiwa kuja kulichukua na kulala nyumbani usiku mmoja.

Kulala nyumbani! Cheche aliyarudia maneno hayo hata darasani. Baba alikuwa ameondoka mvua zilipokatika, na tangu hapo alikuwa sauti ya kwenye simu tu. Cheche alikosa kikohozi chake cha mlangoni. Alikosa nyimbo alizoimba akinawa miguu, huku akikosea maneno makusudi ili binti yake amsahihishe. Kiti chake sasa kilibeba kapu la nguo. Siku moja Cheche aliliondoa kapu akakikalia mwenyewe, akidhani hamu itapungua. Iliongezeka, basi akalirudisha.

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata paka wa jirani aliijua. Vipande vya chuma huunganishwa kwanza kwa matone machache tu ya moto, ili vikae mahali pake na kukaguliwa. Mama aliita kazi hiyo kushikiza. Baadaye ndipo hupigwa mshono mzima, unaoshika kweli. Mahali paliposhikizwa tu Mama alichora mkato wa chaki nyeupe, na hakuna aliyeruhusiwa kuifuta chaki hiyo isipokuwa yeye. Ikishafutwa, Cheche hupewa kopo na brashi apake rangi.

Ijumaa jioni umeme ulikatika kabla koleo halijakwisha. Masikio ndiyo yaliyobaki, vile vipande viwili vinene vya nyuma vyenye matundu, ambavyo mikono ya trekta huvishika kwa pini. Uzito wote wa koleo huning'inia hapo. Mama aliyashikiza, akachora chaki, akavua glavu.

"Kesho asubuhi natakiwa zahanati," alisema. "Lango lao limeng'oka, na wao wana jenereta. Nikirudi nitamalizia masikio. Baba yako atakuja Jumamosi ijayo."

"Jumamosi ijayo ni mbali, Mama."

"Ni mbali kwa wote, mwanangu. Hata mimi nina hamu naye."

Kesho yake, Mama alipokwisha kuondoka, simu ya kazi iliyoachwa karakanani kwa ajili ya wateja ililia. Alikuwa Baba.

"Cheche! Mama yako yupo?"

"Ametoka, Baba. Shikamoo!"

"Marahaba, mama. Sikiliza, lori la hapa linakuja huko mjini sasa hivi kuchukua saruji. Nataka kujua, koleo limekwisha? Kama limekwisha, msimamizi anasema nipande lori nilifuate leo. Ila sitalala, tutageuza jioni hii hii. Kama bado, nitakuja wiki ijayo kama tulivyopanga."

Cheche aliligeukia koleo. Limekaa pale sakafuni, kubwa, limenyooka, linapendeza. Ni masikio mawili tu! Na Baba angekula mchana nyumbani, leo.

"Limekwisha," alisema. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

Simu ilipokatika, alichungulia mlangoni kama kuna mtu. Kisha alichukua kitambaa, akafuta chaki. Alifungua kopo la rangi ya manjano na kuanza kupaka, akianzia kwenye masikio.

Rafiki yake, mtoto wa fundi cherehani wa nyumba ya pili, alimkuta akipaka. Huyu walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Wewe! Jana nimeona chaki hapo," Redio alisema. "Nani kaifuta?"

"Si kazi yako."

"Baba yangu akiwa ameshikiza gauni tu, mteja halivai hata akilia. Linaweza kuachia harusini, mbele ya mkwe."

"Hili siyo gauni. Hili ni chuma."

"Basi hilo litaachia na kumponda mkwe," alisema Redio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza. Cheche aliendelea kupaka. Jua lilikuwa kali, rangi ikakauka upesi, na koleo likang'aa kama limetoka dukani.

Baba aliwasili mchana. Cheche alikisikia kikohozi mlangoni kabla hajamwona, akamrukia, akauficha uso wake kwenye shati lenye harufu ya dizeli na vumbi. Baba alikuwa amekonda. Alilizunguka koleo, akaipapasa rangi, akacheka kwa furaha.

"Mama yako ni fundi, si mchezo. Haya, nipe chakula, mpishi wetu kule anatuonea."

Alikula akizungumza, na Cheche alikaa karibu naye kiasi cha kumzuia asinyanyue mkono vizuri. Baba alimweleza kuhusu mfereji, jinsi kina chake kilivyokwisha kupita kimo cha mtu na jinsi mawe yalivyowachosha.

"Sasa kwa koleo hili mambo yatakuwa mepesi," alisema. "Wenzangu watabaki chini mferejini wakisukumia mawe ndani ya koleo. Mimi nitanyanyua, nipitishe juu, nimwage kando."

Cheche aliacha kutafuna. "Upitishe juu ya nini, Baba?"

"Juu ya vichwa vyao, mama. Mfereji ni mwembamba, hawana pa kukimbilia."

"Hawaogopi?"

"Waogope nini? Nimewaambia nani kalitengeneza."

Cheche aliisukuma sahani kando. Alitaka kusema, na alitaka Baba aendelee kukaa hapo hapo anacheka. Akisema, kicheko kile kitakwisha, na muda wenyewe ni mchache. Huko nje dereva wa lori alipiga honi. Baba alinawa mikono akiimba, akakosea maneno, akamtazama Cheche amsahihishe. Cheche hakuweza.

Dereva na vijana wake wawili wa kupakia walikuwa wameshalishika koleo. "Moja, mbili..."

"Msilipandishe!" Cheche alipiga kelele. "Halijaisha! Masikio yameshikizwa tu. Chaki nimeifuta mimi, na rangi nimepaka mimi, Mama hajui!"

Wote walimgeukia. Baba aliingia karakanani, akatoka na nyundo nzito, akaligonga sikio la kushoto. Pigo la kwanza lilipasua rangi. La pili liliangusha sikio lenyewe chini, likabiringika mpaka kwenye tairi la lori.

Dereva alijishika kichwa. Baba aliliokota lile sikio, akalipima mkononi kwa muda mrefu.

"Kwa nini, Cheche?"

"Nilitaka uje," alijibu akilia. "Nilitaka uje tu."

Baba alichuchumaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na Cheche hakujua kama ni hasira au kitu kingine. "Nami nilitaka kuja," alisema. "Ndiyo maana sikumtafuta mama yako nimuulize mwenyewe, kama nilivyopaswa. Lakini kule kuna watu sita chini ya koleo, na kila mmoja ana mtoto anayemsubiri."

Hakuwa na nafasi ya kusema zaidi, kwa sababu lori halingengoja. Alimkumbatia binti yake na kupanda, mikono mitupu.

Mama aliporudi alikuta koleo la manjano lenye sikio moja, na mtoto aliyevimba macho. Cheche alimweleza yote bila kuficha. Mama alisikiliza hadi mwisho, akavuta stuli akaketi.

"Kwanza utakwangua rangi yote ya hapo mpaka chuma king'ae," alisema. "Rangi ikiungua ndani ya mshono huacha vishimo, na mshono wenye vishimo hauna nguvu."

Cheche alikwangua mpaka vidole vikamuuma. Mama alimwacha afanye peke yake, kisha akachukua brashi ya waya na kusaidia upande wa pili.

"Mwanangu," alisema akiendelea kusugua, "kumtamani baba yako hakuna atakayekulaumu. Mimi mwenyewe humpikia, kisha nakumbuka hayupo. Lakini hamu ilikuwa yako, na hatari ukaipeleka kwa watu wengine wasiojua lolote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kingemuumbua mtu wa mferejini. Kazi isiyokwisha iache ionekane kuwa haijaisha. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema leo hata kama ulichelewa kidogo."

Umeme uliporudi, Mama alichomelea kila sikio kwa mshono mzima, ndani na nje, akauchunguza, akaurudia palipomtia shaka. Wiki iliyofuata lori lilikuja kulichukua koleo. Dereva alikuwa peke yake. Msimamizi alikataa kumpa Baba ruhusa nyingine, akisema siku moja imeshapotea bure. Cheche alisimama mlangoni mpaka lori likapotea, na Jumamosi ile ambayo Baba angelala nyumbani ikapita kama siku nyingine yoyote.

Baba alipiga simu baada ya siku chache. Nyuma ya sauti yake trekta lilikuwa likinguruma.

"Koleo linafanya kazi, Cheche. Ila niliwaeleza wenzangu yote yaliyotokea. Sikutaka wasimame chini yake bila kujua."

Cheche aliona aibu ikimpanda usoni. "Wakasemaje?"

"Waliogopa. Siku ya kwanza wote walipanda juu, wakagoma kushuka. Kisha mzee mmoja akaniuliza, 'Huyo binti, mlimkamata au alisema mwenyewe?' Nikamwambia ulisema mwenyewe, tena wakati ukijua kwamba nitaondoka. Akawaza, akachukua nyundo, akayagonga masikio kwa nguvu zake zote. Hayakutikisika. Basi akashuka mferejini, na wengine wakamfuata."

Cheche aliishika simu kwa mikono miwili. "Utakuja lini, Baba?"

"Maji yakifika mashambani."

"Bado sana?"

"Bado, mama. Sitakudanganya."

"Sawa," alisema Cheche, machozi yakimtoka. "Nitakusubiri."