Inalia Vipi?

Hakuwa na gari, hakuwa na kiwanja, hakuwa na kaka wala dada. Hakuwa na maneno mengi, ndiyo maana mtaani walimwita Komeo. Hakuwa na mke, na miaka thelathini na sita ilikuwa imeshambishia hodi. Juu ya yote hayo, hakuwa na jino moja la mbele, la juu, upande wa kushoto. Liling'olewa na springi ya kufuli kuukuu iliyochomoka akiwa kazini, ikampiga mdomoni kama jiwe la manati. Mtu mwingine angelicheka pengo lake akalisahau. Lakini Komeo alikuwa mpiga tarumbeta, na mpiga tarumbeta asiye na jino la mbele ni sawa na mshonaji asiye na kidole gumba.

Riziki yake ilitoka kwenye kufuli. Alikuwa na kibanda cha bati mbele ya duka la misumari na rangi, funguo mia nne zikining'inia juu ya kichwa chake, na hapakuwa na mlango uliomshinda. Tarumbeta aliachiwa na mjomba wake, mtu aliyemlea tangu utotoni. Kwa miaka mitatu ilikaa juu ya kabati, kimya, ikimtazama kama mgonjwa anayesubiri dawa. Mwishowe akaona ni dhambi. Chombo cha pumzi kimpate mwenye pumzi. Akaipiga picha, akaitangaza mtandaoni, na kabla ya saa moja kupita mnunuzi alikuwa amepatikana.

Kesho yake mchana akajipanga kwenye foleni ya posta, boksi kifuani. Foleni ilikuwa ndefu, feni ya darini inazungusha joto tu. Kwenye dirisha la vifurushi aliketi mwanamke aliyevaa blauzi ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi mpya, na kilemba cha zambarau. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyekundu kwa lakiri, ile nta ya kufungia mizigo ya thamani. Alilinyanyua boksi kwa mkono mmoja kabla hajalifikisha kwenye mizani.

"Chombo cha shaba," alisema. "Hakizidi kilo mbili."

Mizani ikasema kilo mbili kasoro kidogo. Komeo akaikodolea macho mizani.

"Umejuaje, dada?"

"Miaka tisa nanyanyua vitu vya watu. Kinakwenda kwa nani?"

"Mnunuzi. Ameshalipa." Akamwonyesha ujumbe wa simu kwa fahari.

Karani akausoma. Nyusi zake zikapanda. "Amelipa kupita bei uliyotaka?"

"Amekosea. Ameniomba nikishatuma nimrudishie kilichozidi. Mtu mstaarabu sana."

"Na huyu mstaarabu, alikuuliza inalia vipi?"

"Nani?"

"Tarumbeta! Alikuomba umpulizie hata mara moja?"

Komeo akafikiri. Mnunuzi aliuliza jina lake kamili. Aliuliza mzigo utatoka lini. Alisema yuko safarini, ana haraka, hawezi kuja. "Hapana," alijibu taratibu.

"Kaka yangu, mbuzi wenyewe hutazamwa meno. Nani ananunua tarumbeta asiitake sauti yake? Hebu ingia kwenye akaunti yako. Ujumbe uache, ingia kwenye akaunti yenyewe."

Akaingia. Salio lilikuwa lile lile la jana. Ule ujumbe uliopambwa kwa jina la benki ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, kama yako na yangu. Mtu anayefungua kufuli zote za mji alikuwa amefunguliwa yeye, bila hata kusikia mlango ukilia.

"Baba, mchumbie baadaye!" mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Wengine tuna barua!"

"Wewe ni nani?" Komeo akauliza, kana kwamba hakumsikia.

"Karani wa vifurushi. Wananiita Lakiri, kwa sababu nikifunga kitu, kimefungwa."

"Mimi kazi yangu ni kufungua. Fundi kufuli, pale mbele ya duka la rangi."

"Ala! Ndiye wewe mwenye funguo malaya, zinazoingia kila kufuli?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Komeo naye akacheka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakufunika pengo lake kwa kiganja.

Alirudi kesho kununua stempu moja. Keshokutwa akanunua nyingine. Siku ya nne Lakiri akamwambia, "Fundi, una stempu za kutosha kumwandikia kila mtu duniani. Nipe namba yako ya simu, upumzike."

Basi simu zikaanza. Kila jioni Komeo alijilaza kitandani na daftari lake kifuani, kwa maana alikuwa mtu anayependa kuandika anachofundishwa.

"Komeo wangu, leo wamekuja wangapi?"

"Wawili, mpenzi. Mmoja kasema atamtuma mtu wa pikipiki aichukue, hela baadaye."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia aje mwenyewe, mchana, kibandani, watu wakiona. Akakata."

"Mwanafunzi mzuri! Na wa pili?"

"Anataka nimtajie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yangu. Eti ni za kuhakikisha mimi ni mtu kweli."

"Hizo ni funguo zako, bwana. Wewe ungempa mtu funguo za wateja wako?"

"Astaghafiru."

"Haya. Na anayekupigia kwa namba mpya, ana haraka, na maelezo atakupa jioni?"

"Mwongo."

"Hata akiwa na sauti tamu?"

"Hasa akiwa na sauti tamu."

"Kama yangu?"

"Ya kwako si tamu. Ya kwako ni dawa."

Lakiri akacheka mpaka simu ikakwaruza. Wiki sita zikapita hivyo. Jumapili walitembea pamoja, Lakiri na gauni la kijani lenye mkanda mpana, Komeo na shati jeupe na viatu vilivyong'aa kuliko uso. Alimtazama mwanamke yule kama mtu anavyoitazama saa iliyofunguliwa mgongo, akistaajabu kwamba vitu vyote vile vidogo vinajua mahali pake.

Sasa lililowatokea lisingewatokea watu wengine, kwa sababu wengine hawakuwa na somo lile.

Baba yake Lakiri aliishi mji mwingine, saa sita kwa basi. Zamani alipiga tarumbeta katika bendi ya kiwanda. Kiwanda kilipofungwa, vyombo vya bendi vikafungiwa humo humo ndani, naye hakuishika tena tarumbeta. Wiki ile mzee alikuwa anatimiza miaka sabini. Lakiri akakusudia kumnunulia ile ya Komeo, na akanyamaza, ili iwe ajabu kwa wote wawili. Alhamisi asubuhi simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Mafua nayo yakamkaba koo. Saa tano akaambiwa lori la jirani wa baba yake linaondoka saa sita kamili. Akaazima simu ya mlinzi, akapiga.

"Mpenzi, ni mimi," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama kopo. "Simu yangu imeharibika. Tarumbeta usimpe mtu. Anakuja kijana wa pikipiki sasa hivi, mpe yeye. Nina haraka, nitakueleza jioni."

Komeo akaishusha patasi yake mezani. Moyo ulimdunda kwa furaha ya mwanafunzi anayeliona swali alilolisomea.

"Ndugu yangu," alisema, "umeiba jina la mtu mzuri. Lakini huyo mwanamke mwenyewe ndiye aliyenifundisha kukujua wewe. Sauti yenyewe kama fisi mwenye pumu! Rudi kwa mwalimu wako wa wizi, mwambie akurudishie ada."

Akakata. Akaifungia ile namba. Kijana wa pikipiki alipofika alifukuzwa kwa nyundo.

Saa tisa akatembea hadi posta, kifua mbele, kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Lakiri alikuwa dirishani, kitambaa puani.

"Mpenzi, leo ungekuwepo!" alianza, akiegemea kaunta. "Mwizi kanipigia kajifanya wewe. Wewe mwenyewe! Nimemwambia ana sauti ya fisi mwenye pumu."

Lakiri akaigonga stempu kwa muhuri. Pa!

"Nikamwambia arudi kwa mwalimu wake wa wizi akadai ada."

Pa!

"Mbona husemi kitu?"

"Nitasemaje," alijibu, na ile sauti ikatoka, yenye mikwaruzo yote ya saa tano asubuhi, "wakati nina pumu?"

Komeo akashika ukingo wa kaunta.

"Namba mpya," alisema kwa unyonge. "Haraka. Mtu wa pikipiki. Maelezo jioni. Ulisema mwenyewe, mpenzi... nimeandika kwenye daftari."

"Ni kweli, nilisema. Na mimi nimekosea, ningekuja mwenyewe. Sikulaumu kwa kukataa." Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuwa mafua tu. "Lakini wiki sita nimelala na sauti yangu sikioni mwako. Hukusita hata kidogo? Hukujiuliza, huyu analia vipi? Umenijua kwa maneno ya daftari, Komeo. Mwingine!"

Mwingine alikuwa mzee mwenye bahasha tatu. Akasogea.

Kesho yake Lakiri akachukua likizo yake ya mwaka akaenda kwa baba yake. Alinunua simu nyingine, na Komeo akipiga hakupokea. Komeo alipiga asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tano aliacha, kwa sababu kumgongea mtu mlango kila saa ni ukorofi, na yeye kuliko wote alijua kuna milango ambayo haifunguliwi kwa chuma.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, simu ikalia kibandani. Namba mpya.

"Hujambo kijana," ilisema sauti ya mzee.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unauza tarumbeta. Inalia vipi?"

Komeo akanyanyuka kwenye kigoda. Tangu aitangaze, walioulizia walikuwa zaidi ya ishirini, na huyu alikuwa wa kwanza kuuliza hivyo.

"Inalia vizuri, mzee."

"Vizuri ni neno la duka. Nipulizie."

"Siku hizi siwezi vyema."

"Nipulizie hivyo hivyo."

Akaitoa kwenye sanduku. Akaiweka simu juu ya jiwe la kunolea, akapuliza noti moja ndefu. Ilitoka kama ng'ombe mwenye mafua, upepo ukivuja pembeni. Akaona haya.

"Kitufe cha pili kinachelewa kupanda," mzee akasema. "Kipake mafuta mepesi. Chombo ni kizima. Wewe ndiye mbovu. Umepoteza jino, si ndiyo? La juu. La kushoto."

Nywele zikamsimama Komeo. Alijipapasa mdomo kama mtu aliyeingiliwa nyumbani. Saa sita za barabara, mito na vilima katikati, na mzee amelisikia pengo lililo kinywani mwake!

"Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni baba wa mtu uliyemwita fisi. Nakuja Jumamosi, mwenyewe, mchana, watu wakiona. Nimeambiwa ndivyo unavyotaka."

Jumamosi akaja, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Waliikagua tarumbeta pamoja, wakaiandika kwenye stakabadhi namba iliyopigwa ubavuni mwa shaba, malipo yakapita mkono kwa mkono. Kisha mzee akailowesha midomo yake, akafumba macho, akapuliza.

Niseme nini? Mchomeleaji wa ng'ambo alizima moto wake. Mwanamke aliyebeba beseni alisimama katikati ya barabara, na magari yakamsubiri, na hakuna dereva aliyepiga honi. Sauti ilipanda juu ya mabati, ikatulia huko kama kitu chenye nyumba yake, na funguo mia nne za kibandani zikaanza kutetemeka zenyewe, zikiitikia. Ndani yake Komeo aliisikia pumzi ya mjomba wake, ileile, imetoka kwenye kifua kingine. Alilia bila kujificha.

"Binti yangu alisema," mzee akaeleza akiifuta tarumbeta kwa leso, "ukinipa bila kuniuliza kitu, wewe ni mjinga. Ukinikatia simu, wewe ni mwanafunzi wake. Hakusema nifanye nini ukilia."

"Anaendeleaje, mzee?"

"Anafagia uwanja mara tatu kwa siku. Uwanja wenyewe hauna uchafu."

Komeo akachana karatasi katikati ya daftari lake la masomo, akaketi kwenye kigoda.

"Lakiri wangu," aliandika. "Baba yako amelisikia jino langu ambalo halipo, toka umbali wa saa sita. Mimi nilishindwa kukusikia wewe uliyepo, toka mtaa wa tatu. Ulinifundisha kumjua mwongo, nikasahau kujifunza kumjua mkweli. Sasa nimejifunza. Unakohoa mara mbili kabla ya kusema jambo la kweli. Ukitaja jina langu unaivuta ile o. Sauti yako nimeirudia kichwani siku zote hizi, hata ukija na mafua ya mwaka mzima haitanipotea. Nataka kukuoa. Usinijibu kwa simu. Njoo mwenyewe, mchana, watu wakiona, na kabla hujakubali nikague na kuniuliza kila kitu. Uliza hata mimi ninalia vipi. Baba yako atakwambia, amenisikia."

Mzee alikuwa ameshatia kofia kichwani, sanduku mkononi.

"Ilete hiyo. Basi langu linaondoka saa nane, usiku huu anaisoma."

Komeo akamwinamia kwa adabu. "Nisamehe, mzee wangu. Binti yako alinifundisha, kitu cha thamani hakipitii kwa mtu wa kati."

Mzee akacheka mpaka akashika ubao wa kibanda.

Waliandamana hadi posta, kabla dirisha halijafungwa. Mwenzake Lakiri alimwashia mshumaa. Komeo akaiyeyusha lakiri mwenyewe, tone kwa tone, juu ya ulimi wa bahasha. Akatoa mfukoni ufunguo wa kwanza aliofundishwa na mjomba wake kuuchonga, akakikandamiza kichwa cha ufunguo kwenye ule wekundu, akahesabu hadi kumi, akauinua.

"Rejista?" karani akauliza.

"Rejista."

Muhuri ukashuka, pa, na barua ikaingia kwenye mfuko wa saa nane.