Rejista ya Ghorofa ya Saba

Siku hiyo chuoni tulikuwapo mimi Kavata, binti yangu Eve niliyembeba mgongoni, mdogo wangu Mwelu, Mwalimu Gitonga, kijana mmoja aitwaye Lusweti, na wanafunzi wengine kumi na wawili ambao majina yao sikuyashika. Chini getini alikuwa Njogu, soja wa jumba. Hao wote walikuwa hai.

Tiffany Wangeci naye alikuwapo. Namtaja kwa sababu rejista ya chuo ilisema yuko. Na kwa sababu nilimsikia.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nimemaliza kuuza githeri pale soko la Jericho, nikarudi nyumbani nikakuta jaketi ya Mwelu imebaki kwenye msumari. Nikasema huyu ataganda. Nikamfunga Eve mgongoni, nikatoka kumpelekea chuoni, jua likianza kushuka.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa baridi. Mwelu alikuwa hajawahi kuugua kifua tangu azaliwe, lakini tangu Aprili alikuwa na shida. Kila jioni, ikifika saa kumi na mbili na robo, popote alipo, kifua kilianza kupiga filimbi. Halafu alikuwa akisema neno moja.

"Niko."

Alilisema jikoni akikata sukuma. Alilisema kanisani katikati ya maombi, na hakuna aliyekuwa amemwita. Muuguzi wa zahanati, mama mpole aliyemkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, alimpima mara mbili akasema mapafu ni mazima. Jumapili iliyotangulia midomo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Nilihesabu pumzi zake nikilia. Nilijua nikikaa tu, mdogo wangu atakufa mbele yangu.

Chuo chenyewe ni cha kibinafsi. Ukisikia jina lake utadhani kina uwanja na miti. Kumbe ni ghorofa tatu za juu za jumba moja la Eastleigh, na chini kuna maduka ya masanduku na mapazia. Kwenye mlango wa lifti pamebandikwa karatasi inayosema lifti inatengenezwa. Karatasi hiyo imekaa hadi imegeuka rangi ya chai.

Njogu aliponiona aliinuka, akanipa kigoda chake.

"Karibu, Mama Eve. Pumzika kwanza, ngazi ni nyingi."

"Nampelekea Mwelu jaketi."

Akatazama chini. "Huyo msichana anapumua vibaya. Leo amesimama mara nne akipanda. Nimetaka kumshika mkono, ameniambia, 'Wacha tu, Njogu. Nimeshashikwa.'"

"Ameshikwa na nani?"

"Alikuwa peke yake, mama."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa jaketi kutafuta leso ya kumpangusa Eve. Nikatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Juu ilikuwa na nembo ya chuo na swali lililopigwa chapa: *Wewe kama mwanafunzi wetu, tueleze kwa ukweli maisha yako hapa.* Chini yake kulikuwa na mwandiko wa Mwelu.

Mimi niliishia darasa la nane, lakini kusoma najua. Nilisoma hivi:

*Mwanzoni nilikipenda chuo hiki. Tuko kumi na tano tu darasani. Tunasoma jioni, kwa hivyo mchana naweza kufanya kazi. Mwalimu Gitonga anatujua kwa majina. Alinipa kitabu chake mwenyewe kwa sababu maktaba yetu ni kabati moja. Hayo ni kweli na nashukuru.*

*Lakini ukikosa darasa mara tatu, hufanyi mtihani. Kwa hivyo tunaitikiana. Mwenzako akichelewa kutoka kazini, jina lake likisomwa unasema "Niko" kwa niaba yake. Hatuoni ni udanganyifu. Ni kusaidiana.*

*Mwezi wa tatu Tiffany alinitumia ujumbe: Naja, niko kwa ngazi, niitikie. Tiffany ana pumu na lifti ilikuwa mbovu tangu Januari. Nikamwitikia. Kwa kuwa aliandikwa yuko, hakuna aliyetoka kumtafuta. Soja alimkuta saa tatu usiku alipokuwa akifunga milango, ameshakufa, kati ya ghorofa ya tano na ya sita.*

*Ofisi ilisema hakuna mwanafunzi aliyefia kwa ngazi, maana rejista inaonyesha alikuwa darasani. Halafu wakatuambia jina lake likae, kwa sababu darasa likipungua kumi na tano linafungwa. Basi kila jioni namwitikia. Siku hizi hata nikinyamaza, mdomo unaitikia wenyewe.*

Chini, kwa kalamu nyekundu, mtu wa ofisini alikuwa ameandika: *Andika upya. Iwe fupi na ya kutia moyo. Wazazi watasoma.*

Nilisoma maneno hayo mekundu mara mbili.

"Njogu," nikasema, "ni kweli wewe ndiye ulimpata yule msichana?"

Akavua kofia. "Ni mimi. Kadar wa duka la mapazia alileta shuka mpya kabisa, akapasua karatasi iliyoifunga, akamfunika. Hakuuliza nani atalipa. Huko juu ofisini..." Akaikunja kofia. "Hakuna aliyeshuka, mama. Hata mmoja."

Saa yangu ilisema kumi na mbili na dakika tano.

Nikaanza kupanda.

Ghorofa ya kwanza kulikuwa na mwanga na kelele za watu wa maduka. Ya pili, kelele zikapungua. Ya tatu, taa moja ilikuwa inawaka na kuzimika. Kwetu shuleni, mtoto akianguka paredi, mwalimu alimbeba mgongoni hadi zahanati. Mwalimu yuleyule aliyetuchapa. Hapa watu wana digrii ukutani na walimwacha mtoto wa mtu kwenye simiti kama gunia!

Nilikuwa nikisema hayo kwa sauti. Nilipofika ghorofa ya tano nikanyamaza.

Eve alikuwa ameacha kumumunya biskuti yake. Alikuwa amegeuza kichwa, anaangalia nyuma yetu.

Kulikuwa na harufu. Ile dawa ya kujipaka kifuani, yenye mkaratusi. Ilikuwa nzito, kama mtu amejipaka sasa hivi.

Halafu nikasikia...

Hiiii. Hiiii.

Kifua. Kilikuwa chini yangu, kwenye kona ya ngazi. Hatua moja. Pumzi. Hatua moja. Pumzi.

"Ni nani?" nikauliza.

Hatua ikasimama.

"Naja..." Sauti ilikuwa ya msichana, karibu sana, kama mtu anayeongea ndani ya kitambaa. "Niko kwa ngazi. Niitikie..."

Eve akanyoosha mkono wake mdogo wenye biskuti. Akampa mtu.

Biskuti haikuanguka.

Sikugeuka. Nawaambia ukweli, sikuweza. Nilipanda zilizobaki nikikimbia, jaketi kifuani, na nyuma yangu ile filimbi ilipanda pia, bila haraka, kama mtu anayejua njia.

Ghorofa ya saba, mlango wa darasa ulikuwa wazi. Mwalimu Gitonga, mzee wa sweta iliyotoboka kiwiko, alikuwa amesimama na karatasi. Wanafunzi walikuwa wameketi na makoti yao. Mwelu alikuwa safu ya mbele, ameinamisha kichwa kwenye meza, na Lusweti aliyekuwa kando yake alikuwa anampepea kwa daftari.

"Madam, darasa linaendelea," mwalimu akaniambia kwa adabu.

"Ni sistake Mwelu," Lusweti akasema. "Karibu, siste. Leo amezidiwa."

Mwalimu akaangalia saa, ilikuwa kumi na mbili na robo, akarudi kwenye karatasi. Alisoma haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali pabaya.

"Tiffany Wangeci."

Darasa zima liliangalia meza zao.

Mwelu akainua kichwa. Macho yake yalikuwa yamefungwa. Mdomo ukafunguka.

"Niko."

Haikuwa sauti yake. Mimi nimemlea Mwelu tangu mama alipoenda. Nilimfundisha kusema maji. Ile haikuwa sauti yake. Na filimbi iliyokuwa nyuma yangu mlangoni ikanyamaza, ikaanza upya ndani ya kifua cha mdogo wangu.

Mwalimu akaweka alama.

"Mwelu Nyamai."

Mwalimu akainua macho.

"Mwelu Nyamai?"

Mwelu alikuwa pale pale, amekaa, macho yamefungwa, midomo imegeuka rangi ya zambarau. Hakuitikia. Nilimwona Lusweti akimtazama kwa huruma, akafungua mdomo ili amsaidie kama wanavyosaidiana siku zote.

"Usimwitikie!"

Nilipiga kelele hadi Eve akashtuka. Lusweti akafunga mdomo.

"Ukimwitikia ataandikwa yuko," nikasema. "Na akiandikwa yuko, nani atamtafuta? Hamkujifunza?"

"Mama, tafadhali..." mwalimu akaanza.

"Mwalimu, rudi juu kwenye hiyo karatasi. Soma jina la Tiffany tena."

"Orodha hutoka ofisini. Mimi nasoma tu. Wakiwa kumi na nne, hawa watoto wote wanapoteza masomo yao. Nusu ya muhula imebaki. Wewe unadhani nalala usingizi?"

"Sijui unalalaje. Soma."

Mwelu alitoa sauti kama chupa inayofyonzwa. Msichana mmoja nyuma akaanza kulia. Mwalimu akanitazama, akamtazama Mwelu, akafuta uso kwa kiganja.

"Tiffany Wangeci," akasema, taratibu.

Mdomo wa Mwelu ukaanza kufunguka. Nikaufunika kwa mkono wangu. Midomo ilikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Hayuko!" nikasema. "Tiffany hayuko. Alikufa kwenye ngazi za chuo hiki akikimbilia rejista hii. Alikuwa na pumu na lifti yenu ni mbovu. Andika hayuko."

Mwalimu alishika kalamu juu ya karatasi.

Kisha Lusweti akasema, macho chini, "Hayuko, mwalimu."

"Hayuko," akasema yule aliyekuwa analia.

Wakasema mmoja mmoja. Wengine kwa kunong'ona. Mwalimu Gitonga aliinama, akaweka msalaba kwenye karatasi, na kalamu ikapasua karatasi hadi mezani.

Nje, kwenye ngazi, kitu kizito kilianguka.

Tulisikia wote. Kilianguka mara moja. Simu ikateleza kwenye simiti, ikagonga ukuta. Halafu harufu ya mkaratusi ikapita katikati yetu, ikaenda.

Mwelu akavuta pumzi ndefu. Akakohoa. Akafungua macho.

"Kavata? Nani alikuwa amenikalia kifua?"

Nilimvalisha jaketi huku nikilia. Lusweti akampa maji yake. Mwalimu alikuwa bado ameinama juu ya karatasi.

"Soma jina lake," nikamwambia. "Aitikie mwenyewe, tutoke."

"Mwelu Nyamai."

"Niko," akasema Mwelu. Ilikuwa sauti yake, ya kukwaruza, lakini yake.

Na kutoka kwenye ngazi, chini kidogo, mtu akasema wakati uleule: "Niko."

Darasa lote lilishuka pamoja nasi. Hakuna aliyewaomba. Walishikana mikono wakawasha taa za simu, Lusweti mbele, mwalimu nyuma akiwa na viatu mkononi asije akateleza. Kati ya ghorofa ya tano na ya sita hakukuwa na mtu wala simu. Kulikuwa na biskuti tu, imewekwa kwenye ngazi, imeumwa upande mmoja kwa meno ya juu na ya chini. Eve wangu alikuwa hajaota meno ya juu.

Kesho yake nilienda ofisini na ile karatasi ya kalamu nyekundu. Mwanamke mmoja wa kucha ndefu alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniambia wanathamini sana maoni. Nikamuuliza jina la mama yake Tiffany. Hakulijua. Nikamuuliza kama wamewahi kumpigia simu. Akasema hilo ni suala la idara nyingine. Nikamuuliza idara gani. Akatabasamu. Sijawahi kumtakia mtu mabaya maishani mwangu, lakini nilitamani apande zile ngazi peke yake, saa kumi na mbili na robo.

Jumatatu iliyofuata orodha mpya ilitoka ofisini ikiwa imepigwa chapa. Lusweti aliniambia ina majina kumi na tano. La Tiffany limo, na la Mwelu limo. Mwalimu Gitonga husoma yote mawili, na hakuna mwanafunzi anayefungua mdomo.

Lusweti anasema yote mawili huitikiwa, kutoka kwenye ngazi.

Mwelu hakurudi huko tena. Sasa anashona sare za shule Jericho, na Januari ataanza kujifunza kukata suti.