Furaha Alikimbizwa na Neno la Saluni

Neno lile lilimkuta Mwanaheri saluni, pale Mafiga, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, hata kuinuka akaondoka hakuweza.

"Mama Furaha, mie sikufichi," alisema Jesca msusi, vidole vinakwenda. "Mkweo, mama wa bwana harusi, alikuwa dukani kwa Jitu juzi. Ananunua nguo za begi la harusi."

"Si vizuri? Harusi imekaribia."

"Vizuri. Ila magauni yenyewe membamba. Mwanao hapenyezi hata mkono."

"Labda hukuangalia vizuri."

"Nimeyashika kwa mikono yangu hii. Watu wanasema begi lina mwenyewe, na mwenyewe siye Furaha. Mimi simo, nakupa kama nilivyopewa."

Mwanaheri alicheka kidogo, akasema watu wa Mafiga wakikosa mboga hula maneno. Lakini cheko lile aliliacha saluni, neno akarudi nalo nyumbani. Likakaa naye jikoni. Likalala naye kitanda kimoja.

Furaha, binti yake wa pekee, alikuwa mnene, hilo halikufichika. Alikuwa mwalimu wa chekechea, na watoto walipenda kumwegemea kama mto. Mchumba wake Idrisa alikuwa mwalimu wa michezo wa sekondari, mwembamba, mwenye miguu ya swala. Wakipita pamoja, wahuni wa kijiweni walikuwa wanasema sufuria limepata mwiko. Idrisa aliwajibu mara moja tu kwamba mwiko bila sufuria ni kuni, na siku hiyo wao ndio waliochekwa.

Zamani mnene ndiye aliyetunzwa. Hata Mwanaheri mwenyewe alishaanza kufuga kuku, kwa kuwa kabla ya harusi Furaha angewekwa ndani kama mwali, alishwe, asuguliwe liwa ya kulainisha ngozi, atoke anang'aa, kama wanavyofanya Waluguru wenzao. Lakini dunia ilikuwa imeshafunguliwa. Maduka yamejaa vitu vya nje, simu za mkononi zimeingia mtaani, na nyumba iliyonunua televisheni watu wanajazana dirishani kutazama mashindano ya urembo, wasichana wembamba kama fito wanapita wakishangiliwa. Mwanaheri aliwaza: kumbe ndio hao Idrisa anaowataka.

Angeweza kwenda kumuuliza mkwewe. Aliona aibu. Angeweza kumwambia mwanawe alivyosikia saluni. Aliogopa Furaha atacheka tu. Basi jioni moja, wanachambua mchele, akatoa neno lililokuwa baya kuliko lile la Jesca.

"Idrisa amezungumza na mimi."

"Kuhusu nini?"

"Anaona haya kutembea na wewe. Mwili umezidi, anasema. Upungue kabla ya harusi, la sivyo hajui."

Furaha aliendelea kuchambua. Punje moja, punje nyingine.

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake," alisema Mwanaheri.

Kesho yake zilianza mbio. Mwanaheri hakuwa na wa kumuuliza, na wala hakutafuta. Alichukua mambo ya huku na kule. Alisikia jasho ndilo linaloyeyusha mafuta, akamzungushia binti nailoni nyeusi tumboni na mgongoni, juu yake sweta. Alisikia maji yanarudisha unene, akamkataza kunywa mpaka warudi. Chakula cha usiku kikafutwa. Raba zilitoka mtumbani, zinambana vidole, soli zimeisha. Na kwa kuwa asubuhi Furaha alikuwa na watoto wake wa chekechea, walitoka mchana baada ya kazi, jua bado kali, kuelekea barabara ya Boma inayopanda mlimani. Mama nyuma na mwavuli, binti mbele na sweta.

Siku za kwanza Furaha alisema magoti yanauma. Mwanaheri akamwambia ni mafuta yanatoka. Alisema moyo unamwenda mbio hata akikaa. Mwanaheri akamwambia ndiyo mazoezi hayo. Idrisa akipiga simu, Furaha hapokei. Akija nyumbani, anaambiwa amelala. Wakati wa mbio simu ya Furaha inashikwa na mama.

Ndivyo ilivyokuwa ile siku ya mwisho. Wamefika pale mlima unapoanza kusimama, simu ikalia mkononi mwa Mwanaheri. Ujumbe. Yeye aliishia darasa la saba, anasoma polepole, lakini anasoma.

"Furaha, nimekosa nini? Niambie nijirekebishe. Usininyamazie, naumia."

Aliusoma mara ya pili. Mtu anayemwonea haya mchumba wake haandiki hivi. Angemwita mwanawe pale pale, angemwambia simama, turudi. Badala yake akaizima simu, akapaza sauti:

"Kaza mwanangu, mpaka kwenye ule mti."

Furaha hakuufikia. Alianza kuyumba, akaropoka maneno yasiyoeleweka, akakaa chini barabarani kama mtoto aliyechoka, kisha akalala. Mwanaheri alitupa mwavuli. Alipoivuta nailoni, jasho lilimwagika kama mtu amepindua beseni, na mwili ulikuwa wa moto kama kikaango. Aliwasha simu, na jina alilolijua ni moja tu.

"Furaha?" Idrisa aliitika kabla simu haijalia vizuri. "Afadhali umepiga."

"Ni mimi mama yake. Njoo Boma, baba. Nimemuua mtoto."

Alikuja na gari dogo la mkuu wake wa shule. Hakuuliza neno. Alilivua lile sweta, akaichana nailoni, wakambeba mpaka kivulini. Akatumbukiza khanga ya Mwanaheri kwenye mfereji, akamfunika nayo Furaha, akampepea, akailowesha tena. Mwanaheri alitaka kumnywesha maji, Idrisa akamshika mkono taratibu. "Hajajitambua, mama. Yatampalia." Kisha wakamkimbiza hospitali.

Daktari alisema angechelewa kidogo tu wangekuwa wanaongea mengine. Akauliza ni nani aliyempa dawa hii ya nailoni. Akauliza kama mgonjwa alipimwa presha na sukari kabla ya kuanza. Hakupimwa. Presha ilikuwa juu, na inaelekea ilikuwa juu tangu mwanzo.

Furaha alipopata fahamu vizuri, Idrisa aliingia wodini. Furaha akageukia ukutani.

"Mtoeni. Sitaki anione."

Idrisa akatoka. Alimkuta Mwanaheri kwenye benchi la nje, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, wewe ni mzazi wangu. Nimemfanya nini huyu?"

Hapo ndipo pa kusema. Mwanaheri alifungua mdomo, akajiona anavyoonekana: mtu mzima, mwongo. Akasema, "Muache apumzike, baba." Kijana wa watu akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku ya pili mama yake Idrisa alikuja. Alikuwa mama wa Matombo, mlimani, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya bonde. Alibeba chupa ya uji na begi jekundu. Alimpa pole mgonjwa, akakaa.

"Mkwe, nimekuja nalo nimtie moyo mtoto. Mwanangu anasema amekataliwa. Mimi nikasema mgonjwa hakatai, huumwa tu. Haya, Furaha mama, tazama vyako."

Akafungua. Juu kabisa magauni mawili membamba.

"Haya ni ya Latifa, mdogo wake Idrisa, ndiye mpambe wako," alisema yule mama akiyaweka pembeni. "Si unamjua, kakonda kama njiti. Vyako hivi."

Chini yake vilipangwa vitambaa: vitenge, khanga doti kwa doti, kitambaa cheupe cha gauni kikiwa bado kwenye karatasi ya duka la Jitu. Hakuna kilichokatwa.

"Havijashonwa," alisema Furaha kwa sauti ndogo.

"Vishonwe vipi? Toka lini mwali akashonewa nguo kabla ya kuwekwa ndani? Akitoka ameongezeka nani atabomoa mishono? Fundi humpima siku ya kutoka. Au ninyi wa mjini mmeacha, mkwe?"

Hawakuwa wameacha. Mwanaheri mwenyewe aliolewa hivyo. Alikuwa analijua jambo hilo kama anavyojua kukoroga ugali, na hofu ikamsahaulisha. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Idrisa hakusema," alisema.

Furaha akageuka. "Hakusema nini?"

"Lolote. Hajawahi kuniambia anakuonea haya. Nilisikia saluni habari za magauni haya, nikaogopa utaachwa. Nikasema mimi, nikamsingizia yeye. Na siku ile ulipoanguka alikuandikia ujumbe, nikauficha."

Mama wa Matombo alianza kukunja magauni polepole.

"Mama," alisema Furaha mwishowe, "ungeniambia wewe ndiye unayeniona mnene, ningevumilia. Wewe ni mama yangu. Lakini umeliweka kwenye mdomo wake. Kila nilipokuwa nakimbia nilikuwa nasikia sauti yake ikinisema."

Idrisa aliitwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaambiwa yote. Alimgeukia Mwanaheri, akamsalimia, "Shikamoo mama," kama kawaida, na shikamoo ile ilimuuma kuliko tusi.

"Basi yamekwisha," alimwambia Furaha. "Mbio tupa kule."

"Sitaki kutupa. Nataka nikimbizane na watoto wangu wa chekechea bila kuhema. Ila si vile."

"Si vile. Daktari akiruhusu na presha ikishuka, tunaanza kwa kutembea. Asubuhi, jua halijatoka, kabla hujaenda kazini. Tambarare, mlimani tutakwenda siku ya kula ndizi kwa mama. Tukizoea, tunakimbia kidogo, tunatembea, tunakimbia kidogo. Na unanisimulia habari njia nzima."

"Habari zinaingiaje?"

"Ukiweza kuongea, mwendo ni salama. Ukishindwa kunijibu, tunatembea."

"Na nikinyamaza kwa hasira?"

"Hapo tunakaa chini kabisa."

Furaha alicheka, akashika mbavu. Harusi ilisogezwa mpaka baada ya masika. Mwanaheri ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri, anawawekea maji kwenye chupa, kisha anakaa kibarazani kusikiliza. Sauti zao zinapotea kuelekea barabara kubwa, zinarudi, Furaha anabisha, Idrisa anacheka, na yeye moyo unashuka mahali pake.

Furaha akawekwa ndani, akalishwa kwa kiasi, akatoka, fundi akampima. Alikuwa bado mnene, amepungua kidogo tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelala vizuri. Siku ya ndoa alimkumbatia mama yake, akamwambia amemsamehe, na alimaanisha. Lakini alipotaka mtu wa kumshikia simu, alimpa Latifa.

Mzazi unayesoma hapa, haya yaepuke:

Kumwanzisha mtu mnene mbio kabla hajapimwa presha na sukari.

Nailoni na sweta. Jasho ni maji, siyo mafuta.

Kumnyima maji. Kumnyima chakula.

Jua kali, na milima kwa anayeanza.

Raba zinazobana au zilizokwisha soli.

Kumwambia "kaza" anayelalamika kifua, moyo au kizunguzungu. Asimame.

Kukimbia mpaka usiweze kuongea.

Kumnywesha maji aliyezimia.

Kumkimbiza mtu kwa sababu ya harusi.

Na neno la saluni usilitie kwenye mdomo wa mtu ambaye hakulisema. Nenda ukamuulize.